Maneno Matatu kwa Kila Mtu

Kiwandani walimwita Kamusi, na utani huo aliupenda kuliko jina alilopewa na baba yake. Kiwanda kilikuwa cha kufua nguo za watu wasiofua: mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, makoti meupe ya madaktari. Chini kulikuwa na mashine za kufulia, pasi kubwa za mvuke na meza ndefu za kukunjia. Juu, mwisho wa ngazi ya chuma, kulikuwa na chumba cha vioo, na humo ndimo Kamusi alimokaa miaka kumi na tisa akiandika barua za kiwanda kwa Kiingereza. Wafanyakazi wote sitini na mmoja aliwaona kutoka pale, ila sauti zao hakuzisikia kwa kelele za mashine.

Kiingereza chenyewe hakukipata darasani. Shule aliiacha mapema, na kiwandani aliingia kwa ufagio. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwaga kapu la takataka la mwenye kiwanda, mzee mmoja mwenye wasiwasi ambaye hakuweza kuandika barua bila kuiharibu mara tano. Alikuwa akikata neno, anaandika lingine juu yake, analikata na hilo, kisha anaukunjakunja ukurasa na kuutupa. Kamusi aliziokota karatasi hizo, akazinyoosha kwa kiganja na kwenda kuzisoma nyumbani. Wenzake walijifunza Kiingereza kwa maneno yaliyobaki. Yeye alijifunza kwa yaliyokatwa. Kwa nini mzee alifuta "glad" akaweka "pleased", ilhali zote mbili ni furaha ile ile? Kwa nini hoteli iliyopoteza taulo ilianza kwa kuitwa "careless", yaani mzembe, ikawa "forgetful", msahaulifu, mwisho ikatoka kwenye barua ikiwa "busy", mwenye shughuli nyingi? Alikaa na maswali hayo mpaka akaona kwamba maneno yanayofanana ni kama ndugu wa tumbo moja: sura moja, tabia mbalimbali, na ukikosea kumwita utaitikiwa na usiyemtaka.

Mwandishi wa ofisi alipoacha kazi akalee wanawe, mzee alitafuta mtu wa kushika kiti kwa wiki moja. Mfagiaji akasema yeye anaweza. Watu walicheka, mzee naye akacheka, kisha akampa barua aijaribu, na alipoisoma akaacha kucheka. Wiki moja ikawa miaka kumi na tisa. Kamusi akanunua daftari lenye jalada gumu, akalipanga kwa koo. Kulikuwa na ukurasa wa ukoo wa uvivu, ukurasa wa ukoo wa ukaidi, ukurasa wa ukoo wa upole, na chini ya kila neno la Kiingereza aliandika tabia yake kwa penseli: hili lina dharau ndani, hili linafaa kwa mgonjwa, hili usimwandikie mwanamke.

Mzee ndiye aliyeanzisha desturi ya maneno matatu. Kila mwisho wa mwaka kila mfanyakazi alijaziwa fomu, na chini ya siku za kuhudhuria na siku za kuugua palikuwa na mstari mmoja wa kumweleza mtu huyo kwa maneno matatu ya Kiingereza. Mahudhurio yanahesabika, mzee alikuwa akisema, lakini mtu hahesabiki, mtu husemwa. Baada ya kusema hivyo alizifungia fomu kwenye kabati na hakuna aliyewahi kumwona akizisoma.

Msimamizi wa chini hakujua Kiingereza zaidi ya kile cha kusalimia. Kwa hiyo ulipofika wakati wa fomu alipanda ngazi, akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya Kamusi na kuyamwaga yote ya moyoni kwa Kiswahili. Yule mzee wa mashine ya tatu, alisema, ni mzito, ukimtuma leo anafika kesho kutwa. Kamusi akaanza kupima. "Lazy" ni mvivu, na mzee yule hakuwa mvivu, alikuwa na goti bovu. "Slow" ilikuwa kweli, lakini kweli tupu isiyo na nguo. "Unhurried" ni mtu asiye na papara, hata tajiri anayekunywa chai yake kibarazani anaweza kuitwa hivyo. Akaandika "unhurried". Mama mmoja aliyeongea toka kengele ya kuingia hadi ya kutoka msimamizi alimwita kasuku. Kamusi akaliruka "talkative" akampa "sociable", yaani mtu wa watu. Fundi wa mabomba, ambaye aliringa kana kwamba maji ameyaumba yeye, aliponea chupuchupu kuwa "proud" akawa "confident", anayejiamini. Msimamizi aliona kalamu inakwenda akaridhika kwamba amewapatia.

Hivyo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetoka mbaya katika chumba cha vioo. Kamusi aliona hiyo ndiyo ibada yake. Wengine hutoa sadaka, yeye alitoa maneno. Na kama wema huo ulimpa pia salamu nyingi za asubuhi na kiti cha mbele kwenye kila msiba wa kiwanda, basi hilo nalo hakulikataa.

Kulikuwa na mmoja tu aliyempa maneno kwa kuogopa. Huyo ni mwanamke wa pasi kubwa waliyemwita Radi, kwa sababu alisikika kabla hajaonekana. Radi aliwahi kumrushia msimamizi taulo bichi usoni mbele ya wageni wa hospitali. Haambiliki hasemezeki, msimamizi alisema, andika hivyo hivyo. Lakini Radi alikuwa amekwisha kupanda ngazi kabla yake, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kirafiki, "Dada Kamusi, niandike utakavyo, ila ujue nina shangazi anayesoma Kiingereza." Kamusi akafungua ukurasa wa ukaidi. Akapita "stubborn" na "rude" bila kugeuka, akafika kwa "assertive", neno la mtu anayesimamia anachokitaka na kukisema. Akaliandika, akaongeza "energetic" na "frank", mwenye nguvu na msema kweli. Shangazi wa watu hakupata cha kulalamikia.

Sasa kwenye meza ya nne ya kukunjia alikuwepo wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mume wa Kamusi. Mume alikufa miaka minane nyuma, watoto wakaolewa na kuoa, na wanawake hao wawili wakabaki katika nyumba ile ile, wakiamka pamoja, wakitoka pamoja, wakirudi pamoja. Watu wanasema mawifi ni paka na panya. Hawa walikuwa wanachangia hata miwani. Wifi hakuwa msemaji. Kazini alikuwa akiinua kila shuka kwenye mwanga kabla ya kulikunja, na akiona tundu hulitia uzi wa kukumbusha kutoka mfukoni mwa aproni, na saa ya mapumziko wenzake wakila yeye hushona. Hakuambiwa ashone. Msimamizi alipofika kwenye fomu yake alinyanyua mabega. Alisema huyu wifi yako sina neno, mwandike vizuri twende kwa mwingine.

Mwandike vizuri. Kamusi alikuwa na maneno ya kumvisha mtu huyo kuanzia utosini hadi kisiginoni. "Excellent", bora kabisa. "Dependable", wa kutegemewa. "Thorough", asiyeacha kitu nusu. Aliandika la kwanza kwa penseli, akaliangalia, na masikio yakaanza kumwasha. Akilini aliwasikia watu wa chini wakimsema kama walivyowasema wengine: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Miaka kumi na tisa alijenga jina la mtu wa haki, na jina hilo lingebomoka kwa neno moja la sifa kwa ndugu. Akalifuta "excellent". Akaenda kwenye ukurasa wa upole, akakaa kati ya "modest" na "humble" nusu saa nzima. "Modest" alimwona ni mtu mwenye nacho asiyejionyesha, na hilo pia likaonekana kama kujisifu kwa mlango wa nyuma. "Humble" ni mnyenyekevu tu, mtu aliyejishusha, na nani angemwonea wivu mtu aliyejishusha? Akaandika "humble", kisha "quiet", mkimya, kisha "obedient", mtiifu. Alijiambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alijiambia pia kwamba mama yake mzazi angefurahi sana kuelezwa kwa maneno hayo matatu. Akafunga fomu akiwa amejipenda mno.

Mzee alikuwa ameuza kiwanda miezi michache kabla ya hapo, kwa kampuni yenye viwanda vya namna hiyo kumi na viwili. Wafanyakazi walijua kuwa ameuza, kwani alikuja kuwaaga na kulia. Ambacho hawakujua ni kwamba kampuni ilichukua na kabati.

Wiki ya sita ya mwaka mpya alifika ofisa kutoka makao makuu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyevaa viatu vya chini na kubeba kompyuta yake kama mtu abebavyo sinia la mayai. Alipewa chumba cha mzee. Saa nne asubuhi alimwita Kamusi, akampa kiti kabla ya kukaa yeye mwenyewe, akaomba amsaidie kuhakiki tahajia ya majina. Ilikuwa karatasi moja yenye majina arobaini. Hao ndio wangebaki. Mashine mpya zilikuwa njiani na watu ishirini na mmoja hawangehitajika tena.

Kamusi aliyapitia majina kwa rula, moja moja, akisahihisha herufi hapa na pale. Fundi wa mabomba alikuwepo. Kasuku alikuwepo. Radi alikuwa wa saba, na pembeni yake paliandikwa kwamba afikiriwe kuwa msimamizi msaidizi. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akashuka tena na rula. Jina la wifi halikuwemo.

Aliuliza kwa sauti aliyoifikiri kuwa ya kawaida majina yamechaguliwaje. Ofisa hakuficha. Akaigeuza kompyuta ili Kamusi aone. Mahudhurio ya watu karibu wote yalikuwa sawa, alieleza, na umri nao haukutofautiana sana, kwa hiyo kilichowatenganisha kilikuwa ule mstari wa maneno matatu. Kampuni ina orodha yake ya maneno, kila neno na uzito wake. "Confident" lilikuwa juu, "sociable" lilikuwa juu, "assertive" lilikuwa juu kuliko yote. "Unhurried" lilikuwa karibu na chini. Na chini kabisa, yamekaa pamoja kama wageni waliokosa mwenyeji, yalikuwa "humble", "quiet" na "obedient".

Kamusi alisema kwamba kwa wanaomjua mtu huyo maneno yale ni sifa.

"Najua, mama," ofisa alisema. "Hata mama yangu angeyapenda. Lakini wao wanasoma kwamba huyu ni mtu asiyeweza kuachiwa kazi peke yake. Sikuitunga mimi hiyo orodha."

Alikuwa mtu mzuri, ndiyo balaa yenyewe. Kumchukia kungesaidia. Akaona uso wa Kamusi umebadilika, akauliza mfanyakazi huyo ni nani wake, akajibiwa. Akaitazama saa. Kisha akasema kwamba kama kuna fomu iliyojazwa kimakosa inaweza kurekebishwa, yeye atatuma orodha saa nane mchana kamili na kesho asubuhi ibandikwe. Ila nafasi ni arobaini. Akiingia mmoja, lazima ashuke mmoja, na pa kushukia pako pale pale, kwenye maneno matatu.

Kamusi alirudi kwenye chumba cha vioo na fomu tupu mbili. Ya wifi aliijaza kwa dakika moja: bora kabisa, wa kutegemewa, asiyeacha kitu nusu. Maneno yalitoka kama yaliyokuwa yamepanga foleni mlangoni. Aliyaangalia akaona jinsi yalivyokuwa mepesi, na roho ikamuuma kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwani hakuna hata moja lililokuwa la kumpendelea. Yote yalikuwa kweli mwaka jana kama yalivyokuwa kweli leo.

Fomu ya pili ilikuwa ya Radi. Nani mwingine? Mzee wa goti alikuwa amekwisha kuangukia nje. Kila mtu kati ya wale arobaini alikuwa na sababu ya kubaki, na Radi ndiye ambaye kweli yake ilikuwa mbali zaidi na alivyoandikwa. Kamusi hakuhitaji kusema uongo, alihitaji kuacha kuupamba ukweli. Akafungua daftari. "Rude" ni mkosa adabu, lakini adabu Radi aliwakosea wakubwa tu. Mama mmoja wa mashine ya kukaushia alipozimia ni Radi aliyembeba mgongoni mpaka getini. "Quarrelsome" ni mpenda ugomvi, na Radi, ukimtazama vizuri, hakuanza ugomvi, aliumaliza. "Stubborn" lilikuwa karibu zaidi, lakini lilinuka punda. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Chini, kupitia kioo, wifi alikuwa ameshika ncha mbili za shuka na mwenzake ncha mbili, wakiendeana na kuachana, wakiendeana na kuachana. Aliinua macho akamwona Kamusi anamtazama. Akaleta vidole mdomoni, kumuuliza kama amekula.

Robo saa baadaye mlango uligongwa na aliyeingia alikuwa Radi mwenyewe, jasho likimtiririka, ametulia kuliko kawaida. Alikuja kuomba ruhusa ya kesho kutwa asubuhi ampeleke mumewe kliniki kubadilishwa bandeji za mguu. Kamusi alifunika fomu kwa kiwiko. Akaandika ruhusa, Radi akashukuru, akashuka ngazi kwa kishindo chake kile kile.

Baada ya hapo neno lilizidi kuwa gumu. Kamusi akatafuta ndugu wa maneno yale aliye mpole kuliko wote, wa kumshusha Radi hatua moja tu bila kumvunja shingo, na akampata: "demanding", mtu msumbufu, adaiye mengi. Ilikuwa dakika kumi kabla ya saa nane. Aliliandika mahali pa "assertive", akaenda chumba cha mzee karibu anakimbia.

Ofisa aliingiza fomu ya kwanza. Jina la wifi likapanda juu ya karatasi mpaka namba ya tatu. Akaingiza ya pili. Radi, aliyekuwa namba ya saba, akaenda ya kumi na moja, na aliyedondoka chini ya mstari alikuwa fundi mmoja wa pasi ambaye hakuna aliyekuwa na neno naye, baba wa watoto wanne.

"Mama, hili halimshushi," ofisa alisema. "Kwao ni mtu anayetaka kazi ya viwango. Nipe lingine. Lolote, nitaliandika mwenyewe."

Kamusi alisimama pale. Kichwani mwake ukurasa wote wa ukaidi ulikuwa wazi, maneno kumi na manne kwa mpangilio, na lolote kati ya hayo lingetosha. Alifumbua mdomo. Akilini alimwona Radi akiisoma orodha ukutani, alimwona shangazi, aliwaona watu wa chini wakigeuka wote kwa pamoja na kuinua macho kwenye chumba cha vioo: Kamusi amemtoa mke wa mgonjwa akamweka wifi yake.

"Sema tu neno, mama," ofisa alisema. "Dakika tatu."

"Basi," Kamusi alisema. "Rudisha kama ilivyokuwa."

Wapo watakaosema alifanya hivyo kwa huruma. Huruma ilikuwepo, ndiyo, kiasi cha chumvi kwenye mchuzi. Mchuzi wenyewe ulikuwa woga wa kusemwa, na mwenye kuupika alijua ladha yake. Ofisa akafuta, akabonyeza, orodha ikaenda.

Jioni ile walirudi nyumbani pamoja kama siku zote na Kamusi hakusema kitu. Alijiambia atasema wakifika. Walipofika alijiambia atasema wakishakula, na walipokwisha kula alisema kichwa kinamuuma. Wifi akamletea maji na dawa, akamzimia taa.

Karatasi ilibandikwa asubuhi karibu na ndoano za aproni. Kwanza palikuwa kimya, kila mtu akijitafuta. Wifi alijitafuta mara moja tu, kutoka juu hadi chini, kidole chake kikishuka bila kugusa karatasi. Akavua aproni aliyokwisha kuivaa. Akaikunja mara nne, kona juu ya kona, akaiweka mezani kwake.

Aliyepiga kelele alikuwa Radi. Alipanda ngazi ya chuma, akapita chumba cha vioo bila hata kugeuza uso, akaingia kwa ofisa na mlango akauacha wazi. Kiwanda kizima kilisikia, mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Alisema mimi mmeniacha, sawa, nashukuru, lakini huyu mnayemtoa mnamjua? Tangu nimeingia hapa hospitali haijarudisha shuka lake hata moja. Ukimwachia meza kwa mwezi mzima usimtazame, utaikuta kama ulivyoiacha. Kazi anayoanza huimaliza. Kisha akaongeza na matusi kadhaa, kwa kuwa Radi ni Radi. Kamusi aliketi upande wa pili wa ukuta akiyahesabu maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, kwa Kiswahili cha wazi, bila penseli. Ofisa alijibu kwa upole kwamba orodha imekwisha kutumwa. Wiki hiyo hiyo Radi alipewa koti la msimamizi msaidizi, naye akalipokea, maana bandeji hazijinunui.

Jioni walikaa mezani, Kamusi na wifi yake. Wifi alikuwa amepika kama kawaida, na amekula kama kawaida. Aliuliza bila ukali kwenye ile fomu aliandikwa nini. Kamusi akamtajia, akimfasiria moja baada ya jingine: mnyenyekevu, mkimya, mtiifu. Wifi akayarudia taratibu kama anayejaribisha kiatu.

"Si mabaya," alisema. "Na Radi?"

Kamusi akamwambia la Radi. Kisha, kwa kuwa lililobaki lingemchoma kooni maisha yake yote, akamwambia na mengine: penseli na kilichofutwa, saa nane mchana, neno ambalo halikutosha na yale kumi na manne ambayo yangetosha. Akamweleza kwamba yeye mtu wa haki hakutaka waseme anampendelea ndugu. Aliongea muda mrefu, naye alikuwa hodari wa maneno. Wifi alimsikiliza hadi mwisho, akiviringisha ukingo wa kitambaa cha meza.

"Hayo mazuri uliyokuwa nayo, wifi, ulikuwa unamwekea nani?"

Kamusi akaisogeza kando sahani yake ambayo hakuigusa.

"Kaka alipofariki," wifi alisema, "walikaa hapa hapa. Wewe ulikuwa chumbani umelala kwa dawa. Ndugu zangu wote, wakubwa kwa wadogo. Walitaka uondoke, nyumba irudi kwenye ukoo. Wakaniuliza mimi niliyeishi nanyi, huyu mwanamke ni mtu wa namna gani."

Kamusi hakuwahi kuambiwa hayo na mtu yeyote. Siku zote alidhani amebaki katika nyumba ile kwa sababu hakuna aliyefikiria vinginevyo.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia ni mwema. Walikuwa ndugu zangu wa damu, na wote walikuwa wananitazama, na wawili kati yao hawasemi na mimi mpaka leo." Aliinuka. "Sikutafuta neno, wifi."

Akakusanya sahani zote mbili, yake iliyoisha na ya Kamusi iliyojaa, akaenda kuziosha.